Bwana Pilbeam na Gesi ya Jumapili

Walter Pilbeam hakuwa na kofia ya chuma. Hakuwa na koti la mvua la serikali, wala buti za mpira, wala tochi yenye betri. Hakuwa na meno mawili ya mbele upande wa juu, na kwa sababu hiyo hakuweza kupuliza filimbi, ambayo kwa bahati nzuri hakuwa nayo vile vile. Hakuwa na simu. Ya karibu ilikuwa kwenye bucha la Funnell. Hakuwa na mtoto. Hakuwa na mapafu ya kuaminika. Na zaidi ya yote hakuwa na kitu ambacho kila mwanamume wa rika lake pale kijijini Harrowfold alikuwa nacho na alikitoa kilabuni kila Jumamosi: hakuwa na hadithi ya vita.

Wakati wa vita ile ya kwanza alikwenda kujiandikisha mara tatu. Mara tatu daktari alimwekea sikio kifuani, akasikiliza kwa muda mrefu kama mtu anayesikiliza mlango wa jirani, kisha akamwambia arudi nyumbani akashone viatu. Akarudi, akashona. Wenzake walikwenda na baadhi yao hawakurudi. Hakuna aliyewahi kumtukana kwa jambo hilo. Walichofanya, kwa miaka zaidi ya ishirini, ni kushusha sauti kidogo kila alipoingia kilabuni, kama watu wanavyofanya mbele ya mgonjwa.

Kwa hiyo vita ya pili ilipokuja, na serikali ikataka watu wa kujitolea kulinda vijiji dhidi ya mashambulizi ya ndege, Pilbeam alifika kujiandikisha kabla karani hajafungua mlango. Kwa kuwa alikuwa wa kwanza, alifanywa mkuu. Alipewa utepe wa kuvaa mkononi. Mkewe, Edith, alikuwa akiufua kila Ijumaa na kuupiga pasi pande zote mbili.

Walinzi wa Harrowfold walikuwa watatu. Wa pili alikuwa Cyril Funnell, mwenye bucha, mtu wa mwili na maneno mengi. Wa tatu alikuwa Bi Crouch, mwalimu mstaafu, aliyemfundisha Funnell kusoma na hakuwahi kuridhika na matokeo. Kituo chao kilikuwa banda la viatu la Pilbeam, na kazi yao ilikuwa kuzunguka kijiji jioni kuhakikisha kwamba hakuna dirisha linalovujisha mwanga. Hadi Juni ya mwaka 1941, Wajerumani walikuwa hawajaangusha kitu chochote Harrowfold. Watu walianza kuchoka.

"Bwana Pilbeam!" walimwita kutoka kwenye benchi la kilabu. "Mwezi umewaka, kauzime!"

"Nitauandikia ripoti," Pilbeam alijibu, akapita.

Kuhusu gesi, maagizo yalikuwa mafupi. Kila kijiji kiwe na king'ora cha mbao, yaani kile kigogo chenye meno ambacho ukikizungusha kwa mpini kinapiga kelele za kukwaruza. King'ora kikilia, kila mtu avae barakoa yake ya gesi. Asiivue mpaka asikie kengele ya mkono. King'ora kingekaa kwa mkuu. Kengele ingekaa kwa Bi Crouch, kwa sababu ilikuwa kengele ya shule na hakukubali kuitoa. Makao ya wilaya hayakuleta king'ora, kwa hiyo Pilbeam alitoa cha kwake. Marehemu baba yake alikuwa akifukuzia ndege shambani kwa king'ora hicho hicho na kufuatia nyuki. Walikitundika mlangoni mwa banda.

Mtaalamu alikuja kutoka mjini kuwafundisha harufu. Gesi moja, alisema, inanuka kama kitunguu saumu. Nyingine inanuka kama maua. Na ile mbaya kuliko zote inanuka kama nyasi kavu zilizoanza kuvunda. Watu wa Harrowfold waliyaandika hayo kwenye karatasi, wakazibandika karatasi jikoni. Ulikuwa mwezi wa Februari na hakuna aliyeona kasoro yoyote katika somo hilo.

Jumapili ya pili ya Juni, saa nne na nusu asubuhi, kijiji kilikuwa kanisani na Pilbeam alikuwa zamu. Alikaa mlangoni mwa banda, amevaa utepe wake, akitazama mizinga yake mitatu ya nyuki ng'ambo ya bustani. Siku mbili hizo mzinga wa kati ulikuwa ukivuma vibaya. Alikuwa amejiwekea kofia yake ya wavu karibu, kwa tahadhari.

Nyuki wakatoka. Walitoka kama maji ya mfereji uliozibuliwa, wakajaa juu ya bustani, wakazunguka mara mbili, kisha bumba zima likapita juu ya ua na kuelekea barabarani.

Sasa, Harrowfold kulikuwa na sheria ya nyuki, ya zamani kuliko kanisa. Bumba likitoroka, mwenye nalo alifuate akipiga chombo cha kelele, ili kila mtu ajue lina mwenyewe. Akifanya hivyo anaweza kuingia bustani ya mtu yeyote, hata ya kasisi, na kuchukua nyuki wake. Asipopiga kelele, bumba ni la yule ambaye limetua kwake. Hakuna rufaa.

Pilbeam alikimbilia jikoni kuchukua sufuria. Hapakuwa na sufuria. Edith alikuwa amezitoa zote mwaka uliopita, serikali ilipowaomba akina mama vyombo vya alumini ili itengeneze ndege za kivita. Palikuwa na birika la udongo na chungu kizito cha chuma kilichohitaji watu wawili kukiinua. Pilbeam alisimama hapo kwa muda wa kupumua mara mbili. Kisha akarudi mbio bandani, akavaa kofia ya wavu, na mkono wake ukafanya kitu ambacho ulikuwa umekifanya kila Juni tangu alipokuwa na miaka minane. Ulikwenda kwenye msumari wa mlangoni na kuchukua king'ora cha baba yake.

Alishuka nacho barabara kuu akikizungusha kwa nguvu zote za mkono wa kulia, macho juu angani. Alipita mbele ya kanisa wakati watu wanatoka. Hakuwaona. Mtu anayefuata bumba haangalii kitu kingine, maana likipotea machoni limepotea. Akapita kilabu, akapita daraja, akaingia bonde la pili, mapafu yake yakilalamika, na mkono haukusimama hata mara moja.

Watu wa Harrowfold, kwa upande wao, walichokiona ni hiki: mkuu wa walinzi amefunikwa uso, anakimbia kuliko walivyowahi kumwona akikimbia, analiza king'ora cha gesi. Wakavuta pumzi kuhakikisha. Upepo ulikuwa unatoka makondeni, ambako nyasi zilikuwa zimekatwa Alhamisi, zikanyeshewa Ijumaa, na jua lilikuwa limezipiga Jumamosi kutwa. Zilinuka nyasi kavu zilizoanza kuvunda. Kijiji kizima kilivaa barakoa pale pale mlangoni mwa kanisa.

Bumba lilitua kwenye mti wa tufaha maili mbili kutoka nyumbani, katika bustani ya mkulima asiyempenda mtu. Pilbeam alionyesha king'ora, mkulima akanung'unika, sheria ikafuatwa. Alisubiri nyuki watulie, akawatikisa taratibu ndani ya kikapu, akafunga kikapu kwa gunia. Kisha akarudi polepole, kwa furaha. Ilikuwa saa nane mchana alipovuka daraja.

Barabara ilikuwa tupu. Chini ya ukuta wa kanisa walikuwa wamekaa watu kama sitini, nguo za Jumapili mwilini, na kila mmoja ana uso wa mpira mweusi wenye macho ya kioo. Kasisi alikuwa nao, naye ana barakoa. Mbwa wa Funnell alikuwa amefungwa taulo lenye maji puani.

Pilbeam aliweka kikapu chini. Jambo la kwanza alilofikiri ni kwamba Wajerumani wamekuja wakati yeye hayupo. Akatoa barakoa yake kwenye kisanduku kilichoning'inia begani, akaivaa kwa aibu.

"Nani ameliza king'ora?" aliuliza.

Ndani ya mpira sauti ilitoka kama ya chura. Funnell akasimama.

"Unasemaje, mkuu?"

"Nimesema, nani kapiga king'ora cha gesi?"

"Si ni wewe!" alisema Funnell. "Umetupita hapa kama farasi!"

Kioo cha barakoa ya Pilbeam kilianza kuingia ukungu.

"Tumekaa saa tatu," aliendelea Funnell. "Mimi nimeinusa mwenyewe. Nyasi kavu, ile mbaya kabisa. Nikawapigia simu wilaya. Wanakuja na lori."

"Na kengele? Kwa nini haikupigwa?"

Bi Crouch alikuwa amekaa wima mwishoni mwa ukuta, kengele mapajani, kidole kimeshika ulimi wa kengele isilie. "Maagizo yanasema kwa amri ya mkuu," alisema. "Mkuu alikuwa anakimbia. Unaamuru?"

"Naamuru," alisema Pilbeam.

Kengele ikalia. Barakoa zikatoka, na nyuso zilizokuwa ndani zilikuwa nyekundu na zenye mistari. Pilbeam akafungua kinywa kusema. Lakini kabla hajasema, Bi kizee Bysh, mjane wa miaka sabini na minane, alinyanyuka, akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Mwanangu Walter," alisema. "Umekimbia na kifua hicho. Ungekufa njiani kwa ajili yetu."

Watu wakapiga makofi. Wanaume wa benchi la kilabu, wale wa mwezi, nao walipiga makofi. Mmoja alivua kofia. Pilbeam alibaki amesimama kati yao, kinywa wazi, akafunga kinywa.

Lori la wilaya lilifika saa tisa likiwa na wanaume sita wenye nguo za mpira. Walimwaga unga mweupe wa dawa barabarani na kuufagia, kisha wakaumwaga tena. Pamoja nao alikuja Meja Daubney, afisa wa wilaya, mtu mrefu mwenye masharubu yaliyopimwa kwa rula.

"Ni wewe Pilbeam? Safi sana," alisema. "Watu sitini na wawili, hakuna aliyeumia. Nimezunguka vijiji thelathini, hakuna kilichofanya hivi. Nitakuombea cheti. Kofia ya chuma unayo?"

"Sina, afande."

"Utapata." Akatazama kikapu kilichofungwa gunia. "Hicho kinachovuma ni nini?"

"Nyuki, afande."

"Umeokoa hata nyuki! Safi sana," alisema Meja, akaandika.

Jioni Edith alimwekea mumewe viazi na karoti. Alisubiri amalize viazi.

"Umewapata?"

"Nimewapata."

"Wote?"

"Na malkia wao."

"Vizuri," alisema Edith. "Na kule kanisani ulikuwa unafukuzwa na nini, mume wangu?"

Pilbeam alimtazama. Walikuwa wameoana miaka ishirini na tisa.

"Nitawaambia kesho," alisema.

"Mimi sikusema kitu," alisema Edith. "Nauliza tu kama unataka karoti zaidi."

Asubuhi alikwenda kilabuni kuwaambia. Alipoingia, hakuna aliyeshusha sauti. Walipandisha. Walimsogezea kiti karibu na dirisha, kiti ambacho hakuwahi kukikalia, na mzee mmoja aliyekuwa amepoteza mkono kwenye vita ile ya kwanza alimwomba asimulie ilikuwaje. Pilbeam alisema kulikuwa na upepo. Alisema alikimbia. Yote yalikuwa kweli. Alikunywa nusu glasi na kurudi nyumbani, na njiani alitembea upande wenye jua.

Barua ya wilaya ilifika saa sita. Ndani kulikuwa na fomu ya kujaza na amri ya kutekeleza. Kwa kuwa gesi ilihisiwa kwenye makonde ya nyasi upande wa magharibi, nyasi zote za makonde hayo matatu zingechomwa moto siku ya Jumatano. Mkuu wa walinzi awaarifu wenyewe.

Makonde mawili yalikuwa ya shamba kubwa, na shamba kubwa lina nyasi nyingine. La tatu lilikuwa la Bi kizee Bysh. Lilikuwa konde lake la pekee, na nyasi zake ndizo zilizomlisha ng'ombe wake, Dolly, kuanzia Novemba hadi Aprili.

Alimkuta mjane kibandani, paji la uso limeegemea ubavu wa ng'ombe, anakamua.

"Ingia, mwanangu. Usimpige teke huyo paka."

Pilbeam alimsomea amri. Maziwa yaliendelea kuingia ndooni, kisha yakasimama.

"Zote?"

"Zote, Mama Bysh."

"Hata zile za kona, chini ya mti? Zile hazikunuka kitu."

"Wanasema zote."

Bi kizee alifuta mikono kwenye aproni. "Basi Dolly atauzwa," alisema. "Funnell atamchukua. Hana nyama nyingi, lakini Funnell anajua kupanga nyama dirishani." Akampiga ng'ombe kofi dogo mgongoni. "Usinitazame hivyo, Walter. Angekuwa huyo mpumbavu wa masharubu peke yake, ningemfukuza kwa uma wa majani. Lakini wewe umekimbia. Ukisema ni sumu, ni sumu."

"Mimi sikusema ni sumu," alisema Pilbeam.

"Ulisema kwa king'ora, mwanangu."

Alitoka kibandani na kwenda moja kwa moja bandani kwake, akawaita wenzake. Akawaeleza yote kwa sentensi tano: mzinga wa kati, sufuria, king'ora, bumba, mti wa tufaha. Funnell alicheka mpaka akashika meza. Halafu aliacha ghafla.

"Ngoja. Mimi niliinusa."

"Ulinusa nyasi, Cyril," alisema Bi Crouch. "Kila Juni zinanuka hivyo. Umezaliwa hapa."

"Mwalimu, nimewaambia wilaya nimeinusa! Nimesema kwa simu, kwa jina langu!" Funnell alimgeukia Pilbeam. "Sikiliza, mkuu. Huna haja ya kuandika hivyo. Andika lilikuwa zoezi. Ulitaka kutupima. Tukafaulu. Kila mtu anapata sifa, nyasi zinabaki, na wewe unapata kofia yako."

Pilbeam hakuwa amelifikiria hilo. Alilifikiria sasa. Lilikuwa zuri sana. Aliligeuza huku na huku kama kiatu, akitafuta mahali panapovuja.

"Zoezi lazima liombewe kibali siku saba kabla," alisema Bi Crouch. "Ibara ya kumi na moja. Watauliza kibali kiko wapi, na wakati wanauliza nyasi zitaungua."

"Mwalimu, wewe ulijua tangu lini?" Pilbeam aliuliza.

"Tangu uliponipita. Mtu anayekimbia gesi hutazama nyuma. Wewe ulikuwa unatazama juu na unatabasamu."

"Na ukakaa na barakoa saa tatu?"

"Maagizo ni maagizo," alisema Bi Crouch. "Na sikuwa nimewahi kuona kijiji hiki kimenyamaza saa tatu. Sasa, barua ni yako, Walter. Mimi sitasema neno. Ukinyamaza, nitanyamaza. Lakini usiniombe niione nzuri."

"Watakufukuza," alisema Funnell. "Haki ya Mungu watakufukuza. Na wale wa benchini watakuimbia nyimbo mpaka uzikwe."

"Najua," alisema Pilbeam.

Walipoondoka alifuta meza, akasogeza nyundo na misumari pembeni, akaweka fomu mbele yake. Alikuwa na mwandiko wa duara, safi, aliojifunza kwenye darasa la jioni akiwa mtu mzima, na hakuharakisha. *Mahali pa tukio:* Harrowfold, kuanzia mzinga wa kati. *Aliyeliza king'ora:* W. Pilbeam, mkuu wa walinzi. *Sababu:* Hakukuwa na sufuria. *Aina ya gesi:* Hapo alifikiri kwa muda, maana palikuwa na nafasi ya neno moja tu. Akaandika: Nyuki.

Kisha akachukua karatasi nyingine na kuandika barua yenyewe.

"Kwa Meja Daubney. Afande, hapakuwa na gesi. Nilikuwa nafuata bumba langu kama desturi yetu inavyotaka, nikatumia king'ora ambacho zamani kilikuwa cha kazi hiyo. Kosa ni langu peke yangu. Bwana Funnell alinusa nyasi, ambazo kwa kweli zilinuka. Naomba konde la Bi Bysh lisiguswe, na yale mengine mawili pia. Unga mmeumwaga bure, lakini barabara imekuwa safi. Cheti na kofia msilete. Wako mtiifu, W. Pilbeam."

Hakuandika kwamba anajiuzulu. Aliona kumfukuza mtu ni kazi ya Meja, na kwamba kila mtu afanye kazi yake.

Edith aliingia akasoma fomu na barua yote amesimama. Alipofika kwenye sufuria alikohoa.

"Umenitaja."

"Sikukutaja. Nimetaja sufuria."

"Kila mtu anajua nani alizitoa." Akamrudishia karatasi. "Andika tarehe."

Akaandika tarehe. Bahasha mpya zilikuwa hazipatikani, kwa hiyo alichukua ile ya amri ya wilaya na kukata kipande cha karatasi yenye gundi, akakibandika juu ya jina lake mwenyewe, na juu ya kipande akaandika jina la Meja. Akaingiza fomu, akaingiza barua. Gundi ya wakati wa vita ilikuwa chungu. Aliilamba mara mbili mpaka ikashika, akaibonyeza kwa kidole gumba kutoka kona hadi kona.

Gari la posta lingepita saa kumi na robo. Pilbeam alivaa utepe wake, maana bado ulikuwa wake, akapanda barabara kuu hadi kwenye sanduku jekundu la ukutani. Walikuwa benchini.

"Mkuu!" waliita. "Njoo ukae! Unapeleka nini?"

"Ripoti," alisema Pilbeam.

Akaitumbukiza, akasikia inagonga chini, kisha akageuka kwenda kukaa nao, kwa sababu barua ingemfikia Meja kesho, kabla ya moto, lakini jibu lake lisingefika kabla ya Jumatano.